LS3/5A za BBC: moja inaongea, ya pili inatema "s"

#1 Mudi wa Coventry

Wakuu, habari za humu. Uzi ni mrefu, mwenye chai aimimine kabisa.

Nimepata LS3/5A. Zile spika ndogo za BBC, toleo la mwanzo lenye krosova (bodi ya ndani inayogawa besi na trebo) ya omu 15. Kaniuzia kijana ambaye baba yake alikuwa mtu wa vyombo. Mzee katangulia mbele za haki, kijana anataka nafasi sebuleni. Kila moja ni kama boksi la buti lililosimamishwa: kimo sentimita 30, upana 19, kina 16 na ushee. Nyuma ya kitambaa kuna wufa (kipaza cha besi na sauti za kati) ya kampuni ya KEF, B110 ya inchi 5, na twita (kipaza cha sauti za juu) ya KEF T27, kuba ya plastiki ya milimita 19 iliyovalishwa kikofia cha wavu wa chuma.

Sasa shida. Ya kushoto nikiiwekea mtangazaji wa taarifa ya habari, yule mtu yupo. Akivuta pumzi unasikia. Ya kulia kila "s" inatema mate. "Wasikilizaji" inakuwa "wassssikilizaji". Halafu sauti yenyewe ni kama mtu anaongea akiwa chumba cha pili, meno yake ndiyo yako chumba hiki.

Nimebadilisha waya, wa kulia nikaupeleka kushoto, ugonjwa umebaki kwenye boksi lile lile. Kwa hiyo amplifaya haina kesi. Je, twita imechoka? Au nitoe krosova niweke mpya yaishe?

#2 mtoto_wa_sinza

Spika ya inchi 5 kwa hela ya kununua bodaboda. Mzee baba, hata wewe?

#3 Fundi Kibiriti

Mudi, usinunue kitu. Rudia: usinunue kitu. Watu wengi wanaanza na oda ya vipuri halafu ndiyo wanaanza kutafuta ugonjwa.

Ulichofanya cha waya ni sahihi. Sasa weka amplifaya kwenye mono (spika zote mbili zipate sauti ile ile), ziweke spika mbili zigusane, kaa mita moja na nusu, cheza sauti ya mtu mmoja tu, bila muziki. Hamisha balansi kushoto, kulia, kushoto. Niambie je, twita ya kulia imezidi, au kuna kitu kingine kimepungua? Siyo swali moja hayo.

Kwa kukisia tu, bila kuona, nasema mtu kachezea ngazi ya twita, yaani kiwango chake cha sauti. Ndani ya hizo za omu 15 kuna transfoma ndogo ya koili moja yenye matoleo kadhaa (sehemu za kutolea umeme), na waya mfupi unaosolidwa kuchagua toleo. Kiwandani walikuwa wanachagua kulingana na twita iliyofungwa humo. Mtu akihamisha waya, sauti ya twita inapanda.

#4 Mama Mitambo

Wanangu, kabla hamjaifungua hiyo spika mjue kwanza ni kitu gani. Mimi nimestaafu, nilikaa upande wa mitambo ya redio mpaka mvi.

Namba zenyewe zinasema. LS ni loudspeaker, yaani spika. Tatu ni matangazo ya nje, yaani vifaa vya kwenda navyo uwanjani, kanisani, ukumbini. Tano ni vya studio, ndiyo maana kuna LS5/8 na LS5/9. Hii ilitengenezwa kwa ajili ya fundi aliyekaa ndani ya gari la matangazo. Pale hakuna pa kuweka spika kubwa ya studio, na hedifoni haikuambii ukweli wote: hujui mtangazaji yuko karibu na maikrofoni au mbali, hujui chumba kinavuma kiasi gani. Nimefanya kazi kwenye gari la namna hiyo. Magoti yanagusa meza, mgongo unagusa mlango.

Ilikotoka ni jambo la kuchekesha kidogo. Idara ya utafiti ya BBC ilikuwa Kingswood Warren, kule Surrey. Walikuwa na tabia ya kujenga mfano wa studio kwa kipimo cha moja ya nane kabla ya kujenga studio yenyewe. Muziki unachezwa humo kwa kasi mara nane, ili mawimbi nayo yawe mafupi mara nane, unarekodiwa, kisha unarudishwa kwenye kasi ya kawaida. Hapo unasikia studio ambayo bado haijajengwa. Kwa kazi hiyo ilihitajika spika ndogo ya uhakika, na wahandisi wakashangaa kwamba kile kidude kinasikilizika. Ikazaliwa LS3/5.

Sasa sikieni hiyo A ilikotokea. Walipotaka kutengeneza nyingi, vipaza (wufa na twita) vilivyokuja kutoka kiwandani vilikuwa vimebadilika. Vimebadilika kidogo tu, ukiviona kwa macho ni vile vile. Krosova ikawa haiendani navyo tena. Hawakusema "si inatoa sauti bwana." Walirudi mezani wakaichora upya, ndipo ikaitwa LS3/5A. Harwood, Whatton na Mills waliiandikia ripoti mwaka 1976.

Kwa hiyo mwanangu Mudi, ukiniuliza kama utoe krosova uweke nyingine, jibu nimeshakupa.

#5 Mudi wa Coventry

Shikamoo mama. Nimekusoma mara mbili. Krosova haitoki.

Fundi, nimefanya jaribio la mono. Nimejiuliza swali lako mpaka mke wangu kaniuliza naongea na nani. Jibu langu: twita ya kulia IMEZIDI. Kabisa.

#6 Mama Mitambo

Marahaba. Usiharakishe hilo jibu lako.

#7 Kamau Decibel

Mimi niko Nairobi na niko na swali la kijinga. Krosova si ni ile kitu ya kugawanya tu? Besi huku, trebo kule. Hapa River Road nanunua ya njia mbili, imeandikwa 3 kHz (Hz 3,000, mitetemo 3,000 kwa sekunde), na LS3/5A pia inagawanya kwa 3 kHz. Shida iko wapi?

#8 Fundi Kibiriti

Kamau, swali si la kijinga, ndilo swali la uzi mzima.

Ya dukani inagawanya tu. Imekadiriwa kwamba wufa yako ni omu 8 sawasawa kwenye masafa yote na mlio wake umenyooka kama rula. Hakuna wufa ya hivyo duniani. Chukua hesabu nyepesi kabisa: kapasita ya maikrofaradi 6.6 kwenye twita ya omu 8 inaanza kukata karibu na Hz 3,000. Sasa twita ile ile kwenye masafa mengine haisomi 8 kamili, na wufa ndiyo kabisa, omu zake zinapanda kadiri masafa yanavyopanda kwa sababu ya koili yake. Ile "3 kHz" ya kwenye karatasi imeshahama kabla hujawasha.

Lakini hilo ni dogo. Tazama boksi. Upana sentimita 19. Wimbi la Hz 200 lina urefu wa mita 1.7. Wimbi la namna hiyo halioni uso wa boksi, linazunguka linaenda nyuma. Wimbi la Hz 3,000 lina sentimita 11, linasukumwa mbele lote. Maana yake spika ndogo yoyote, ukiiacha ijiendeshe, inapiga kelele juu na kunong'ona chini. Krosova ya LS3/5A inashusha sehemu ya kati na ya juu ilingane na chini. Huwezi kuipandisha chini kwa koili na kapasita, unaweza tu kushusha kingine. Gharama yake unaiona kwenye unyeti: dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) 83 kwa wati moja, mita moja. Spika ya kawaida ya dB 90 inahitaji moja ya tano ya umeme huo kutoa kelele ile ile. Ndiyo maana watu wanasema zina kiu.

Bado. B110 ina koni ya plastiki iitwayo Bextrene, imepakwa dawa ya kuituliza, na bado ina kilima chake katikati ya masafa. Kwenye bodi kuna kikundi cha koili, kapasita na rezista kazi yake ni moja, kukisawazisha kilima hicho. Ukiweka krosova ya River Road, kilima kinarudi, na kila mwanamume anayeongea atakuwa na mafua.

Kwa hiyo bodi ile imechorwa kwa kufuata makosa ya vipaza viwili hivi na boksi hili. Hata ukiichukua yenyewe ukaifunga kwenye wufa nyingine ya inchi 5, inaharibu.

#9 mtoto_wa_sinza

Nimekuja kucheka nimebaki kusoma. Hilo la wimbi kuzunguka boksi limenigusa, kumbe ndiyo maana spika zangu ukizisogeza ukutani besi inaongezeka.

#10 Fundi Kibiriti

Ndiyo hiyo hiyo. Ukuta unamrudisha mkimbizi.

#11 Mudi wa Coventry

Wakuu nimefungua. Nimeanza kwa kuvua vitambaa tu, nikalinganisha nyuso mbili.

Kushoto: twita imezungushiwa vipande vinne vya felti nene nyeusi, vimepakana na ukingo wa boksi. Kulia: vizima ni vipande viwili tu. Cha juu kimeliwa na nondo, ukikigusa kinabaki vumbi mkononi. Cha pembeni hakipo kabisa, mahali pake mzee (Mungu amrehemu) kabandika sponji ya kuoshea vyombo. Ya njano. Bado ina ule upande wa kijani wa kukwangulia sufuria.

Nimecheka peke yangu jikoni.

#12 Mama Mitambo

Hiyo felti si pambo. Uso wa spika umeingia ndani kidogo, ukingo wa boksi umejitokeza ili kitambaa kikae. Sauti ya twita ikisambaa pembeni inagonga ukingo ule, na ukingo unakuwa kama twita ya pili iliyochelewa. Mlio unakuwa na vilima na mabonde. Felti inaimeza kabla haijafika.

Tafuta felti ya sufu halisi, si ile ya shule ya watoto ya kukatia maua. Unene ulingane na ya upande mzima. Usipake gundi nyingi ikaloa, ikiloa inakuwa ukuta.

#13 Mudi wa Coventry

Nimeweka felti. Robo tatu ya saa, kisu cha karatasi na rula. Tofauti ipo na nilivyoisikia niliita watu. Ile "s" imepungua ncha. Lakini haijaisha, na lile la mtu kuongea chumba cha pili liko pale pale.

Nimeendelea. Nimefungua boksi, nimetoa sponji iliyojazwa ndani, krosova hizi mbele yangu zote mbili. Fundi, ulisema waya wa transfoma. Ni kweli haulingani! Kushoto umesolidwa toleo moja, kulia toleo lingine, la juu zaidi. Pasi imeshapata moto. Niuhamishe ulingane na wa kushoto?

#14 Fundi Kibiriti

SUBIRI.

#15 Mama Mitambo

Zima pasi.

#16 Fundi Kibiriti

Mudi, kabla ya kugusa, chukua tochi na kioo cha kukuzia. Tazama solda ya huo waya. Inang'aa au imefifia? Kuna utomvu mpya wa kahawia (ule unaotoka kwenye solda ikiyeyuka) umezunguka? Linganisha na viungo vingine vya bodi hiyo hiyo.

#17 Mudi wa Coventry

Imefifia. Rangi ya kijivu kama viungo vyote vya jirani, na kuna vumbi limekaa juu yake. Haijaguswa na mtu tangu kiwandani, naapa.

Lakini kapasita mbili upande wa twita solda yake inang'aa kama kijiko, na utomvu umechuruzika mpaka kwenye bodi. Kapasita zenyewe ni mpya, nene kama kidole gumba, zina maandishi ya dhahabu. Kushoto ziko za zamani.

#18 Fundi Kibiriti

Basi nakula maneno yangu ya #3. Transfoma haijachezewa. Matoleo hayalingani kwa sababu twita zenyewe hazikulingana, kiwanda kikaisikiliza kila moja na kuipa ngazi yake. Ungezilinganisha kwa macho ungeharibu kitu pekee kilichokuwa kizima upande ule.

Ng'oa mguu mmoja wa kila kapasita, pima. Usipime ikiwa imeunganishwa pande zote, mita itakudanganya.

#19 Mudi wa Coventry

Ile ya kwanza, inayoingiza sauti kwenye twita: kushoto ya zamani inasoma maikrofaradi 6.3. Kulia ya dhahabu inasoma 4.7 na imeandikwa 4.7. Ya pili hazijatofautiana sana.

#20 Kamau Decibel

4.7 ndiyo size unapata kila duka. Huyo mzee alienda dukani, akakosa yenyewe, akachukua ya karibu. Mimi nimeshafanya hiyo kitu, sijivunii.

#21 Fundi Kibiriti

Sasa rudi kwenye swali la #3, wakuu, maana hapa ndipo penye utamu.

Kapasita ikipungua, twita inachelewa kuingia. Wufa imeshaanza kushuka kwa mpangilio wa bodi, twita bado haijafika. Katikati, hapo karibu na 3 kHz, kunabaki bonde. Na hapo ndipo matamshi ya mtu yalipo, konsonanti zote zinazokufanya uelewe neno. Bonde likiwepo mtu anarudi nyuma, anaenda chumba cha pili. Juu ya bonde kuna zile "s" za Hz 6,000 na kuendelea, hazijaguswa, zimesimama peke yake kama minazi baada ya nyumba kubomolewa.

Mudi ulisikia twita imezidi. Haikuzidi. Jirani yake alihama. Ungeshusha ngazi ya twita ungetuliza "s" na bonde lingezidi kuwa refu, ungeishia na spika butu isiyosema chochote, halafu ungeingia humu kuandika kwamba LS3/5A ni jina tu.

#22 mtoto_wa_sinza

Umetisha fundi. Hapo kwa minazi nimekoma.

#23 Mama Mitambo

Na tusimlaumu sana marehemu. Kapasita alizonunua zilikuwa za bei, alikuwa anaipenda spika yake. Tatizo la vyombo hivi ni kwamba kila mtu anaamini kipuri ghali ni kipuri bora. Hapa ubora ni thamani ileile iliyochorwa, na zote mbili zilingane. Kama za kushoto nazo zimeanza kuhama kwa uzee, badilisha pande zote siku moja, upime kila moja kabla ya kusolda. Usipoziona zinazolingana, nunua kumi uchague mbili.

Kuhusu twita na wufa zikija kufa: KEF waliacha zamani kuvitengeneza. Malcolm Jones, aliyevibuni vyote viwili akiwa KEF, ndiye mwanzilishi wa Falcon Acoustics, na Falcon wamevitengeneza upya B110 na T27. Kwa hiyo usiogope. Lakini usichanganye na vya toleo la omu 11, lile la mwaka 1987 na kuendelea. B110 yake ni nyingine na krosova yake ni nyingine, ingawa boksi na jina ni vile vile. Nimewaona watu wakivichanganya kwa sababu tundu za skrubu zinalingana.

#24 Kamau Decibel

Mama, na hiyo boksi? Plaiwudi ya milimita 12 tu? Nilidhani boksi nzuri ni nzito, unagonga inasema "du".

#25 Mama Mitambo

Za BBC zilikwenda njia nyingine. Mbao nyembamba kiasi, halafu ndani unabandika mikeka mizito ya lami. Boksi nene sana likitikisika linatikisika juu, kwenye masafa ambayo sikio la mtu ni kali. Nyembamba lililotulizwa mtikisiko wake unashuka chini na kufa haraka. Kuna watu wanapinga mpaka leo, waache wapinge.

#26 Mudi wa Coventry

Mrejesho, wakuu. Nilipotea siku sita kwa sababu ya kapasita na zamu za usiku.

Nilinunua nane, nikapima, nikachagua mbili za 6.2 na zikaingia moja moja kila upande. Za dhahabu nimezifunga kwenye bahasha, kijana wa marehemu akizitaka nitampa. Waya wa transfoma sikuugusa. Nikacheza mvumo wa majaribio, simu ikiwa na programu ya kupimia, mita moja, nje bustanini. Kabla ya kazi, kulia palikuwa na bonde la kama dB 4 kati ya 2.5 na 4 kHz ukilinganisha na kushoto. Sasa mistari miwili inapishana kwa unywele. Simu si maabara, najua, lakini nilikuwa nalinganisha simu na simu yenyewe.

Halafu nikafanya jambo ambalo Mama Mitambo aliniandikia pembeni: wale wahandisi wa BBC walikuwa wanajaribu spika kwa sauti ya mtu wanayemfahamu, wanamrekodi pasipo na mwangwi, kisha wanamsimamisha karibu na spika, aongee yeye, iongee spika. Mama yangu mzazi yuko huku kwa miezi miwili. Nikamtoa bustanini na koti langu, nikamwambia asome chochote. Akasoma maelekezo ya pakiti ya unga, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo mkononi.

Nikacheza sebuleni kupitia spika ya kulia peke yake, ile mgonjwa. Binti yangu alikuwa ghorofani anafanya homuweki. Akaitika, "Abee bibi!" akashuka ngazi, akaingia sebuleni, akasimama.

Mama mwenyewe alikuwa jikoni. Yeye kasema spika inamfanya mzee.

#27 mtoto_wa_sinza

Mkuu, zikibaki hela za bodaboda nitafute.

#28 Kamau Decibel

Mudi, tafadhali nipimie vipimo vya ndani vya boksi, na umbali kutoka katikati ya twita hadi katikati ya wufa. Krosova ya River Road nimeirudisha dukani, wamekataa kunirudishia pesa.

#29 Mudi wa Coventry

Kesho jioni, Kamau. Nimeshaifunga na skrubu zote nane, leo sifungui tena.